Ziwa Limetoka Vizuri

Bibi aliishika picha kwa mikono yote miwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akainamisha kichwa upande mmoja. Kisha akasema, "Ziwa limetoka vizuri." Akanirudishia, akaendelea kuchambua mboga.

Aliyelelewa na wazee wa mwambao wetu huu wa Ziwa Nyasa anajua kwamba hapo nilikuwa nimekwisha kuhukumiwa. Bibi hakusema picha ni mbaya. Alisifu kilichoonekana, na kwa kukisifu akanionyesha kisichoonekana. Nikaitazama upya kwa macho yake. Ziwa kweli lilikuwa limetoka: maji yanameta, mitumbwi mitatu unaihesabu, na mbali kabisa ule ukungu wa upande wa Malawi. Mbele ya ziwa walisimama watu ishirini na wawili wa ukoo wetu kama magogo yaliyoungua. Bibi alikuwa katikati yao, ameketi kitini, amevaa kitenge kipya alichonunuliwa Mbinga kwa ajili ya siku ile. Usingejua kama ni kitenge. Usingejua kama ni Bibi.

Ilikuwa harusi ya binti wa mama mdogo, pale Lipingo, mwezi wa Agosti. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo. Nina studio ndogo Mbinga mjini: pasipoti saizi, mahafali, ubatizo, kipaimara, harusi. Watu wananilipa kwa kazi hii na wengi wanarudi. Lakini siku ambayo watu wangu wenyewe walivaa, wakajipanga mistari miwili, wakanyamaza na kunitazama, mimi niliwapa picha ya ziwa.

Usiku ule nilitamani kununua taa. Flashi ndogo ya kuchomeka juu ya kamera ninayo, na siku ya harusi iliwaka kila nilipobonyeza; watu wakapepesa macho, na picha haikubadilika. Nilichokitaka ni zile taa kubwa za studio zinazobebeka, zenye betri zake, ambazo wenzangu wa Dar es Salaam husimamisha ufukweni mchana kweupe na uso wa bibi harusi ukatoka kana kwamba jua limeombwa lisogee kando. Ilinichukua karibu miaka miwili kuamua kama zinastahili fedha yake. Sikudhani uamuzi wa kununua chombo ungenirudisha kwenye mambo mengi hivyo ya nyumbani.

Kosa langu lilianzia kwenye ramani. Mwambao wa Ruvuma unatazama magharibi. Jua linachomoza nyuma ya milima ya Umatengo, linapita juu ya vichwa vyetu, na jioni linazama ziwani. Asubuhi ukimsimamisha mtu akayapa maji mgongo, mwanga unamjia usoni. Na ipo nusu saa tamu kuliko zote, kabla jua halijavuka mlima, ambapo ufukwe mzima uko kivulini na anga limekwisha kuwa jeupe. Uso wa mtu saa hiyo unatoka laini kama uliopakwa mafuta. Lakini nani anafunga ndoa saa moja asubuhi? Ibada inaanza saa nne, inamalizika saa saba, watu wanakula, wanatuza, na wanateremka ufukweni saa kumi. Kufikia hapo jua limekwisha kuhamia upande wa maji, na kila bwana harusi anataka maji nyuma yake. Liuli wanataka Jiwe la Pomonda, lile lililowafanya Wajerumani waiite bandari ile Sphinxhafen, nalo liko huko huko majini. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 550 ana haki ya kupigwa picha nalo.

Sasa kamera haina uwezo wa jicho. Jicho la mjukuu linaweza kutazama maji yanayong'aa na papo hapo likauona uso wa bibi yake, mpaka mikunjo. Kamera lazima ichague. Inapima mwanga ulio mbele yake, inakuta ziwa zima linawaka, inajifunga ili isiunguzwe, na uso unabaki gizani. Kwa ngozi zetu kosa hilo huwa kubwa maradufu. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi zake kwa kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mmoja wa wanawake hao. Rangi ya uso wake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawasawa. Nyuso kama za kwetu hazikuwa kwenye hesabu, na watu wetu wakazoea kujiona kwenye karatasi wakiwa vivuli, wakadhani ndivyo walivyo.

Kuna utani wa wapiga picha ambao kila msomaji ameusikia: "Cheka basi tukuone!" Nimeusema mimi mwenyewe, mara nyingi, kwa watoto wa shule na kwa watu wazima, na watu wamecheka. Baada ya ile kauli ya Bibi niliufikiria utani huo usiku kucha. Ni kumwambia mtu kwamba kosa la mpiga picha ni kosa la ngozi yake. Sijausema tena tangu siku hiyo, na wakiusema vijana ninaofanya nao kazi, nawaita pembeni.

Basi nikaanza kutafuta taa. Nguvu ya flashi hupimwa kwa jouli. Flashi ndogo ya juu ya kamera hubeba jouli 60 hadi 80. Godox, kampuni ya Wachina wa Shenzhen, ilitoa taa ya betri yenye jouli 200, AD200, ambayo ilipoingia sokoni iliuzwa kama dola 300 za Marekani, na nyingine ya jouli 600, AD600, ghali zaidi ya hiyo. Ukipanda juu kabisa unakutana na Profoto wa Sweden, waliopo kazini tangu 1968. Mwaka 2013 walitoa taa yao ya betri, B1, jouli 500, uzito wa kilo tatu, kwa bei ya karibu dola 2,000 kwa taa moja. Kwa fedha yetu ya leo hiyo ni karibu milioni tano. Kwa Mbinga, milioni tano ni kiwanja.

Nilishawishika. Nilifika mpaka kuulizia mkopo. Harusi moja ya kijijini hunilipa laki tatu, ikizidi sana nne, na hapo hujatoa nauli, kuchapa na albamu. Halafu harusi za kwetu hufuata kahawa na usipa, wale dagaa wa ziwani. Kahawa ikilipwa, Mbinga nzima inaoa. Malipo yakichelewa, kadi za mwaliko zinachapwa upya na tarehe nyingine. Marejesho ya mkopo hayana msimu. Nililiona hilo, na bado nilitaka kukopa, kwa sababu aibu ni mshauri mwenye haraka.

Rafiki yangu wa Songea ndiye aliyeniokoa. Ana taa ya jouli 600. Akaniambia, "Usinunue. Njoo uichukue ya kwangu harusi moja, uone."

Niliichukua mwezi wa Juni, harusi ya watu wengine, ufukweni, saa kumi na nusu. Nikaweka stendi, nikavisha taa kile kisanduku cha kitambaa cheupe kinacholainisha mwanga, nikawapanga maharusi. Picha ya kwanza ilinifanya nikae kimya. Ziwa lilikuwa lile lile, mitumbwi ile ile, na mbele yake nyuso mbili zenye rangi zake zote, mpaka ule wekundu wa mbali ulio ndani ya weusi wetu. Nilijisikia kama mtu aliyesoma herufi kwa mara ya kwanza. Nikasogea kuwaonyesha.

Nikiwa nimevipa mgongo stendi na taa, upepo wa mwera ukaja. Anayejua Nyasa ya Juni anaujua, unavuma kutoka kusini na hauombi hodi. Kisanduku kile cha kitambaa ni tanga. Kilijaa, kikainama, na taa ya watu ikaanguka kifudifudi mchangani. Bomba la kioo likapasuka. Nililipa, na ilinichukua miezi mitatu kulipa, na rafiki yangu hakunidai hata siku moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenidai. Tangu hapo sisimamishi stendi bila kiroba. Mchango wa Lipingo katika sanaa hii ni mchanga: unabeba kiroba kitupu kutoka mjini, unakijaza ufukweni, unakining'iniza kwenye stendi, na ukimaliza unaurudishia ufukwe mchanga wake.

Katika miezi ile mitatu ya kulipa nilikuwa na muda wa kufanya hesabu, nikazifanya kwenye daftari lile lile nililoandikia deni. Jouli 600 ukizigawa kwa 75 za flashi yangu ndogo unapata nane. Taa ile ina nguvu mara nane. Lakini mwanga una kanuni yake: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kinyume chake ni kweli pia. Toka mita nne uje mita mbili, mwanga unaongezeka mara nne. Endelea mpaka mita moja na nusu hivi, na umefika karibu na ile mara nane. Hatua tatu za mguu. Nilikuwa nimetaka kukopa mamilioni ili kununua kitu ambacho kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yangu ningekipata kwa kuitoa flashi juu ya kamera, kumpa mtoto aishike, na kumwambia: sogea.

Nilijaribu siku iliyofuata, na ikafanya kazi. Nilimpiga picha jirani yangu saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma yake, mdogo wangu akiwa ameshika flashi kando tu ya fremu. Uso ulitoka. Nilifurahi kwa siku mbili, nikiamini kwamba taa kubwa ni anasa ya watu wa mjini.

Siku ya tatu nikaikumbuka picha ya ukoo. Watu ishirini na wawili. Ukiisogeza taa karibu, anayepata mwanga ni yule aliye karibu nayo. Wa pili anapata nusu yake, wa tano anapata kiduchu, na mtoto wa mwisho wa mstari, yule aliyesimamishwa pembeni kwa sababu hakuna aliyemshika mkono, hapati kitu. Ili mwanga uwafikie wote kwa usawa, lazima taa iwe mbali na wote, na taa iliyo mbali lazima iwe na nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa kinachouzwa. Taa kubwa inauza usawa: uso wa mwisho katika mstari upate sawa na wa kwanza.

Naungama kwamba hesabu hiyo iliacha kuwa ya taa. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, na nguvu zangu ni za flashi ndogo. Walio karibu nami Mbinga, watoto wangu, mdogo wangu ninayeishi naye, wanapata mwanga wangu wote, tena wakati mwingine mpaka wanaumia macho. Bibi yuko Lipingo. Mama mdogo yuko Lipingo. Nilikuwa nikituma fedha kwa simu kila nilipoombwa, nikidhani nimetimiza, na kumbe kwa umbali ule kilichowafikia kilikuwa kidogo kuliko nilichotoa. Sikuhitaji kipato kikubwa zaidi ili Bibi anione. Nilihitaji nauli ya kwenda. Barabara ya lami kutoka Mbinga kuteremka mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66 tu, na zile kona za mlimani zilizokuwa zikimaliza siku nzima ya masika, leo unazipita asubuhi na kurudi jioni. Sababu zangu za kutokwenda zilikuwa za barabara ya zamani.

Nikateremka. Nilifika Lipingo alasiri nikamkuta mjomba ameketi kwenye mchanga anashona wavu, uzi umepita katikati ya kidole gumba cha mguu na kidole cha pili ili ukazwe. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha pa kukaa. Mjomba amevua usipa tangu ujana wake, na usipa huvuliwa kwa taa. Mtumbwi unatoka usiku wa giza, taa inawashwa juu ya maji, samaki wanakuja kwenye mwanga, wavu unapita chini yao. Alianza na karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi anatumia taa za betri zinazochajiwa kwa sola, ila karabai yake bado inaning'inia ndani, imefutwa vumbi.

Nilimweleza shida yangu yote, jouli na umbali na mkopo. Alisikiliza bila kuacha kushona. Kisha akauliza, "Taa hiyo utaiwasha siku ngapi kwa mwezi?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi karabai yangu ililala siku za mbalamwezi tu," akasema. "Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, samaki hawaijali. Siku nyingine zote iliwaka. Ndiyo maana ilijilipa. Tena hatukuinunua mtu mmoja. Huyu mtumbwi wake, huyu wavu wake, sisi watatu karabai. Asubuhi kila kitu kinapata fungu lake, mtumbwi unapata, wavu unapata, taa inapata. Wewe unataka kuwa mtumbwi, wavu na taa peke yako."

Nikamuuliza kama taa kubwa zaidi ingewaletea samaki wengi zaidi. Akafikiri. "Taa inawakusanya. Anayewaleta nyumbani ni wavu." Akakata uzi kwa meno.

Usiku ule nilifungua daftari la kazi za mwaka mzima. Kazi thelathini na moja. Nikazipitia moja moja nikijiuliza: hapa ningehitaji kushindana na jua? Pasipoti saizi, hapana. Mahafali ukumbini, hapana. Ubatizo kanisani, hapana, tena padri hapendi mwanga mkali altareni na nakubaliana naye. Zilizobaki ni tisa. Siku tisa katika mwaka, na nilitaka kuiwekea kila moja laki tano na ushee. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: flashi isiyowashwa huharibika. Ndani yake kuna kapasita linalohifadhi umeme, na kapasita likikaa miezi bila kuchajiwa huanza kuchoka. Kwa hiyo taa ya mtu anayeitumia siku tisa inaweza kuzeeka haraka kuliko ya anayeitumia siku mia. Nilifikiria vitu vingapi nilivyo navyo ambavyo vimezeeka kwa kuwekwa.

Sisemi taa ghali haina maana. Nimezishika baadaye, na najua zinachotoa. Ukibonyeza mara mia mbili, mwanga wa mara ya mia mbili ni sawa na wa kwanza, kwa nguvu na kwa rangi. Inawaka tena kabla hujavuta pumzi. Kazi hii ina dakika ambazo hazirudiwi: pete inaingia kidoleni mara moja, mama anamwachia binti mkono mara moja. Anayelipia uhakika huo analipia heshima kwa dakika hizo, na mpiga picha anayefanya kazi kila siku, mwenye fundi karibu na wateja wanaolipa milioni, anunue, hatajuta. Lakini taa hiyo ikizima Lipingo, fundi yuko wapi? Betri yake ikifa, nani anaiuza Mbamba Bay? Uhakika usioweza kutengenezwa ulipo unageuka kuwa wasiwasi.

Na kuna njia ambayo nilikuwa nimeidharau kwa sababu haina bei. Jioni moja nilikaa ufukweni na kamera nikipima mwanga wa ziwa kila robo saa, mwendo wa pazia siubadilishi. Saa kumi nilihitaji tundu la lenzi la f/11. Saa kumi na mbili na robo, jua likiwa limebakiza kama dakika kumi na tano lizame, ilikuwa imeshuka mpaka f/4. Nikazipiga hesabu: mwanga umepungua mara nane, ile ile tena. Kila dakika unayosubiri, jua linakupunguzia bei. Nikamkumbuka Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake 1948, akawa anawapiga picha wateja wake uani kwa mwanga wa mchana, na leo hii kwenye picha zile unaweza kuhesabu maua ya vitambaa walivyovaa. Alijua saa zake na kuta zake. Mimi nilikuwa na ziwa na milima na sikuwa nimewahi kukaa kuvitazama kwa saa mbili mfululizo.

Kwa hiyo siku hizi, nikipewa harusi ya ufukweni, naenda kwanza kwenye kikao cha kamati. Naomba jambo moja: dakika kumi na tano, saa kumi na mbili na robo. Si rahisi. Gari la kukodi linataka kurudi, mshereheshaji ana ratiba yake, bibi harusi amechoka na viatu. Wakati mwingine wananikatalia. Wanaponikubalia, hata flashi ndogo inatosha kwa wawili.

Lakini si kila siku ukoo unangoja, na ukoo ni wengi. Mwaka uliofuata tulikutana watatu, mmoja wa Mbamba Bay, yule rafiki wa Songea na mimi. Tukafanya kama walivyofanya akina mjomba. Taa kubwa ya jouli 600 tumeinunua pamoja, ina daftari lake na fungu lake: kila kazi inayoitumia inatoa kiasi kinachowekwa kando kwa ajili ya bomba na betri. Anayeiangusha anaitengeneza, na mnajua nani alidai sharti hilo liandikwe kwanza. Haikai kwa mtu zaidi ya wiki mbili bila kuwashwa. Ya jouli 200 nimejinunulia mwenyewe kwa fedha taslimu, baada ya msimu mmoja wa kahawa. Inaingia kwenye begi la bega, na inawaka karibu kila wiki.

Novemba iliyopita alibatizwa mtoto wa yule binti wa mama mdogo. Watu walewale wakateremka ufukweni, na wawili hawakuwapo tena. Nilikuwa nimewaomba wasubiri, wakasubiri, watoto wakicheza majini na akina mama wakianua usipa vichanjani. Jua liliposhuka nikaweka taa kubwa nyuma yangu, mbali, kiroba kimejaa, nikawapanga mistari miwili. Nikatazama kwanza uso wa mwisho kulia, mtoto wa kama miaka sita, kisha wa mwisho kushoto. Wote walikuwapo.

Halafu nikamwomba Bibi abaki kitini. Nikampa mpwa wangu taa ndogo kwenye mti wa mwanzi, na kisanduku chake cha kitambaa. "Sogea," nikamwambia. Akasogea. "Sogea tena." Akavua viatu akaingia majini mpaka magotini, mwanzi ameushika kama mpiga kasia, taa ikamkaribia Bibi mpaka angeweza kuigusa. Bibi hakuitazama. Alinitazama mimi.

Wiki iliyofuata nilirudi na picha imechapwa, kubwa, kwenye fremu. Sikuituma kwa basi. Akanawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akaishika kwa mikono yote miwili. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akapitisha kidole juu ya kioo, taratibu, kutoka kwenye kilemba mpaka shavuni, kutoka shavuni mpaka kwenye blauzi, kidole kikasimama.

"Mbona hukuniambia," akasema, "kifungo hiki kilikuwa wazi?"